Usifute Kitu Usichojua Kazi Yake

Somo kwa vikundi vya maendeleo

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili, kila mwanakikundi aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe jinsi mtu anavyodanganywa hadi akaharibu kompyuta yake kwa mkono wake. Pia kikundi kiwe kimekubaliana masharti ya kulinda kompyuta na simu zinazotunza kumbukumbu zake.

Muda: Saa moja na nusu.

Vifaa: Ubao au karatasi kubwa, na kalamu. Kompyuta si lazima.



Zamani kumbukumbu zote za kikundi zilikuwa ndani ya kitabu kimoja, na kitabu kilikuwa ndani ya sanduku la mweka hazina. Vikundi vingi bado vina kitabu hicho, na hilo ni jambo jema. Lakini siku hizi hesabu za mikopo, orodha ya wanachama na barua za kuomba msaada zinaandikwa kwenye kompyuta ya katibu au kwenye simu ya mtu mmoja. Sanduku tulijua kulilinda. Tulilikinga na mwizi, na mvua, na mchwa. Leo tunajifunza juu ya adui wa aina nyingine. Huyu haji usiku. Anakuja mchana kwa njia ya ujumbe mzuri, anakuita rafiki, anakuonya juu ya hatari, kisha anakuomba ufute kitu wewe mwenyewe.

1. TUANZE NA NG'OMBE

Mwezeshaji asome mfano huu polepole, watu wasikie vizuri.

Tuseme asubuhi moja habari inaenea kijijini: "Kuna ugonjwa mpya wa ng'ombe. Hauna homa wala kikohozi. Hata madaktari wa mifugo bado hawautambui. Dalili ni moja tu. Mfungue ng'ombe wako kinywa, uangalie mbele, upande wa juu. Ukikuta hakuna meno, ujue ameshaambukizwa. Mchinje kabla ya wiki mbili kwisha, na uwaambie jirani zako wote."

Mfugaji anakwenda zizini. Anafungua kinywa cha ng'ombe. Kweli! Juu, sehemu ya mbele, hakuna hata jino moja. Anakimbia kwa jirani. Wa jirani naye vile vile. Kufika jioni kijiji kizima kimehakikisha kwa macho, na visu vinanolewa.

Ninyi mnaofuga mmeshaanza kucheka. Mnajua kwamba ng'ombe hana meno ya mbele upande wa juu. Ana ufizi mgumu tu, ndivyo alivyo tangu kuzaliwa. Lakini mfikirie mtu aliyepewa ng'ombe wake wa kwanza juma lililopita, ambaye hajawahi kumfungua ng'ombe kinywa. Yeye atacheka nini? Ameambiwa dalili, ameitafuta, ameiona.

Mbele ya kompyuta wengi wetu ni kama huyo mwenye ng'ombe wa juzi. Hatujui kinywa cha kompyuta nzima kinafananaje. Basi mtu akituambia, "Angalia hapa, ukikuta kitu fulani ni ugonjwa," tunaangalia, tunakikuta, na tunaamini. Kumbe kila kompyuta inacho.

2. NDANI YA KOMPYUTA KUNA NINI?

Ndani ya kompyuta kuna vitu vya aina mbili. Kuna vile tulivyoviweka sisi: barua, hesabu, picha za mradi wa maji. Halafu kuna vile vilivyokuja pamoja na mashine, au vilivyowekwa na fundi siku ya kwanza. Hivi vya pili ndivyo vinavyoifanya mashine iwake, itambue herufi unazobonyeza na ipeleke maandishi kwenye printa. Kila kimoja kinaitwa faili, na faili nyingi zikiwekwa pamoja zinakaa ndani ya folda.

Faili zetu tunazitambua kwa majina, kwa sababu tumezipa majina sisi. Faili za mashine zina majina ya ajabu, herufi zimerundikana bila maana kwa msomaji wa kawaida. Hapo ndipo mdanganyifu anapopata nafasi. Jina usilolielewa ni rahisi kuambiwa kwamba ni la adui.

3. MAMBO YALIYOTOKEA

Mambo haya yametokea kweli, na watu wengi katika nchi nyingi walidanganyika.

Mwaka 2001. Mwezi wa Mei barua pepe moja ilisambaa sana duniani. Ilionekana kwanza kwa lugha ya Kireno, huko Brazili, kisha ikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ilisema kwamba kuna virusi vimejificha ndani ya kompyuta kwa jina la SULFNBK.EXE, na kwamba tarehe 1 Juni vitaamka na kuharibu kila kitu. Msomaji alielekezwa jinsi ya kutafuta faili hiyo, jinsi ya kuifuta, na kuwaandikia watu wote aliowahi kuwapelekea barua. Watu wakatafuta, na wakaipata. Kwa nini wasiipate? Ilikuwa faili ya kawaida iliyokuja na Windows 98 na Windows Me. Kazi yake ilikuwa kurudisha majina marefu ya faili pale yanapoharibika.

Uongo huo ulikuwa na chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyoupa nguvu. Mwaka huo huo kulikuwa na virusi vya kweli vilivyoitwa Magistr. Virusi hivyo vilikuwa vikichukua faili ndani ya kompyuta ya mtu, vinajipachika humo, kisha vinajituma kwa barua pepe. Mara nyingine faili iliyochukuliwa ilikuwa hiyo hiyo SULFNBK.EXE. Basi faili ya jina hilo ikiletwa kwa barua ilistahili kuogopwa. Ile iliyokuja na Windows haikuwa na kosa lolote.

Mwaka 2002. Mwezi wa Aprili ikaja barua ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Safari hii ilitajwa faili ya JDBGMGR.EXE. Faili hiyo ilikuwa na picha ndogo ya dubu wa kuchezea watoto. Barua ikasema: dubu huyo ni virusi, vinakaa kimya siku 14 kabla ya kuharibu mashine, na programu za kuzuia virusi za Norton na McAfee haziwezi kuviona. Watu wakatafuta. Wakamkuta dubu amekaa palepale walipoambiwa! Kati ya faili zote zenye alama za kawaida, kumkuta dubu kulishtua. Lakini faili ile ilikuwa chombo cha kampuni ya Microsoft yenyewe, cha kuwasaidia watu wanaotunga programu kwa lugha ya Java.

Angalieni jambo moja hapa. Mtu wa kawaida hatungi programu za Java. Kwa hiyo alipoifuta faili ile, hakuona tofauti yoyote. Kesho yake mashine iliwaka kama kawaida. Angewezaje kujua kwamba alidanganywa? Angeweza hata kushukuru kwamba ameokoka, na kuendelea kuwaonya wengine kwa moyo mmoja. Uongo usioleta maumivu papo hapo unaishi muda mrefu.

System32. Mzaha wa tatu ni mbaya kuliko hiyo miwili. Ulianza kuenea kwenye intaneti miaka ya 2000, na hata leo bado unajitokeza. Mtu analalamika kwamba kompyuta yake ni nzito, na mwingine anamjibu kama mtaalamu: "Futa folda inayoitwa System32. Ndiyo inayoipunguzia mashine kasi." Wengine huongeza kwamba ni virusi. Wengine husema kwamba kwa kuwa mashine za siku hizi ni za biti 64, vitu vya 32 ni vya kizamani, vimebaki kama takataka.

Yote hayo ni uongo. System32 ndiyo moyo wa Windows. Humo ndimo zilimo faili zinazowasha mashine, zinazoongoza vifaa vyake, na kumbukumbu za mipangilio yote. Jina la 32 limebaki kwa desturi tu. Hata katika Windows ya biti 64 folda hiyo ndiyo inayotumika. Ukifaulu kuifuta, kompyuta haitawaka tena mpaka fundi airekebishe. Na aliyekushauri yuko mahali fulani anacheka.

Watengenezaji wa Windows waliliona tatizo hili. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, faili hizo zimewekewa ulinzi hata mwenye mashine asiweze kuzifuta kwa urahisi. Wadanganyifu nao wakaongeza maelezo: "Mashine ikikataa, andika maneno haya ili uilazimishe." Kwa hiyo tukumbuke: mashine ikisema huna ruhusa ya kufuta kitu, hiyo ni sauti ya mlinzi. Usimsukume mlinzi kwa sababu mgeni amekuambia.

4. KWA NINI WATU WENYE AKILI WALIDANGANYIKA?

Tusiseme kwamba walikuwa wajinga. Wengi walikuwa watu wa maofisini wenye kutumia kompyuta kila siku. Ujumbe wa namna hii umepangwa kushika sehemu tano za moyo wa mtu.

Kwanza, hofu yenye tarehe. "Tarehe 1 Juni." "Siku 14." Mtu anayeharakishwa haulizi. Muuza ng'ombe mgonjwa naye hutaka mmalizane kabla ya jua kuzama.

Pili, ushahidi wa uongo. Unaambiwa utafute, unatafuta, unapata. Kukipata kitu kunathibitisha kwamba kitu kipo, basi. Hakuthibitishi kwamba ni kibaya. Mwezeshaji asisitize jambo hili mpaka liwaingie wote, maana hapa ndipo wengi walipoanguka.

Tatu, jina la mtu tunayemwamini. Ujumbe hauletwi na mgeni. Unaletwa na shemeji, mwalimu, au mwenzako wa kikundi. Lakini yeye naye aliletewa. Tunamwamini aliyetuletea, na tunasahau kwamba hatumjui aliyeanzisha.

Nne, wanaojua wamefungwa midomo. "Hata madaktari hawautambui." "Programu za kuzuia virusi haziuoni." Maneno haya yanawekwa makusudi ili usiende kuuliza. Ujumbe wowote unaokuambia usimwulize mtaalamu, huo ndio wa kumpelekea mtaalamu.

Tano, wema wetu. Tumelelewa kumwonya jirani akiwa hatarini. Mtu akiona moto hupiga kelele. Mdanganyifu anautumia wema huo kama mkokoteni wa kubebea uongo wake. Hana haja ya kuandika barua elfu moja. Anaandika moja, nasi tunamalizia.

Ndiyo maana mzaha huu hauhitaji virusi vya kweli. Virusi vya kweli huharibu faili na kujisambaza vyenyewe. Hapa kazi zote mbili anafanya mtu: anafuta kwa mkono wake, anasambaza kwa mkono wake.

5. MZAHA UMEKUWA WIZI

Mtu anaweza kusema, "Hayo ni ya Windows za zamani, sisi tunatumia simu." Njia ni ile ile, vyombo tu ndivyo vimebadilika.

Mwezi wa Februari 2016 picha ilisambaa ikiwaambia wenye simu za iPhone warudishe tarehe ya simu hadi 1 Januari 1970, kisha waizime na kuiwasha. Eti wangeona alama ya zamani ya kampuni ya Apple, yenye rangi nyingi. Waliojaribu kwenye simu zilizokuwa mpya wakati huo waliona simu imekwama kwenye alama, haiwaki tena. Kompyuta na simu nyingi huhesabu saa kuanzia tarehe hiyo ya 1970, na mpango wa simu hizo ulichanganyikiwa uliporudishwa huko. Kampuni ilirekebisha kosa hilo mwezi wa Machi mwaka huo huo. Lakini hata hapa, hakuna mwizi aliyeigusa simu. Aliyebadilisha tarehe ni mwenyewe.

Na tangu mwaka 2024 wezi wa kweli wamekuwa wakitumia ujanja huu huu kwa wingi. Mtu anafungua ukurasa wa intaneti, anaambiwa kuna hitilafu, au athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Anaelekezwa: bonyeza vitufe hivi, bandika hapa, bonyeza tena. Kumbe alichobandika ni amri ya kuiagiza kompyuta ivute programu ya wizi, nayo programu hiyo inaiba maneno ya siri. Ule mlango ambao programu za ulinzi zinaulinda, mwenye nyumba ameufungua kutoka ndani.

Simu ya kawaida nayo ina njia ya kufuta kila kitu na kurudi kama ilivyotoka dukani. Fundi huitumia kwa sababu maalumu. Mtu akikuletea namba za nyota na alama za reli akakuambia ukizibonyeza utapata salio la bure au simu itakuwa na kasi, usizibonyeze. Fedha za M-Pesa hazikai ndani ya kifaa chenyewe, ziko kwenye akaunti yako huko kwenye kampuni. Lakini picha za risiti, namba za wanachama ulizohifadhi kwenye simu na hesabu ulizoziandika humo zinaweza kupotea zote kwa dakika chache.

6. IGIZO FUPI

Watu wawili waigize. Wengine wasikilize.

KATIBU (kijana): Hodi, mama!

MWEKA HAZINA: Karibu mwanangu. Mbona unahema hivyo?

KATIBU: Binamu yangu wa Nakuru ameniletea ujumbe. Ati kompyuta zote zina kitu kinaitwa System32, ndicho kinazifanya ziwe nzito. Nimeangalia yetu, nikakikuta! Nilitaka kukifuta lakini imekataa, inasema sina ruhusa.

MWEKA HAZINA: Mashine imekukataza?

KATIBU: Ndiyo, mama. Lakini kuna maneno hapa ya kuandika ili ikubali kwa lazima.

MWEKA HAZINA: Huyo binamu yako ni fundi?

KATIBU: Hapana, anauza viatu. Naye aliletewa.

MWEKA HAZINA: Na aliyemletea yeye?

KATIBU: Sijui, mama.

MWEKA HAZINA: Mtu akiniletea pesa za mchango, hata kama ni ndugu yangu, nauliza zimetoka kwa nani. Haya, hicho kitu kinafanya kazi gani ndani ya mashine?

KATIBU: (anainamisha kichwa) Sijui.

MWEKA HAZINA: Basi hujui kazi yake, na hujui ni nani aliyesema kifutwe. Na mikopo ya watu thelathini na wawili iko mle ndani. Kaa chini unywe chai, tumpigie fundi.

KATIBU: Lakini wameandika ifanywe leo leo!

MWEKA HAZINA: Mashine imewaka tangu Januari, mwanangu. Itangoja kikombe kimoja.

Baada ya igizo, mwezeshaji aulize: Mama huyu si fundi wa kompyuta. Aliokoa kumbukumbu za kikundi kwa kutumia ujuzi gani? Wape watu nafasi ya kujibu. Jibu watalipata wenyewe: alitumia ujuzi ule ule anaoutumia kulinda fedha. Aliuliza kitu kimetoka kwa nani, na kina kazi gani.

7. MASHARTI YA KIKUNDI

Yafuatayo ni mapendekezo. Kila kikundi kiyajadili, kipunguze au kiongeze, kisha kiyaandike kwenye kitabu cha mikutano.

(a) Hakuna mtu atakayefuta faili ya mashine peke yake. Barua na picha zetu wenyewe tunaweza kuzifuta tukikubaliana. Faili ambayo hatukuiweka sisi isiguswe mpaka fundi au mwalimu wa kompyuta aulizwe. Kuuliza si ujinga.

(b) Uliza mahali pengine. Usiuthibitishe ujumbe kwa kufuata maelekezo ya ujumbe huo huo. Andika jina la faili kando, ulitafute kwenye intaneti pamoja na neno la uongo au mzaha, au uende saiba ukaulize. Mizaha mingi ya namna hii imekwisha kuelezwa wazi na kampuni zinazotengeneza programu za kuzuia virusi.

(c) Usiandike wala kubandika amri ulizoletewa. Kama huwezi kueleza kila neno linafanya nini, usilibandike.

(d) Usisambaze kabla ya kuhakikisha. Katika WhatsApp, ujumbe wenye alama ya mishale miwili umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliweka mpaka, mtu asipeleke ujumbe mmoja uliosambazwa kwa makundi au watu zaidi ya watano kwa mara moja. Mwaka 2020 ujumbe uliosambazwa sana ukawekewa mpaka wa mmoja tu. Waliona hatari ya haraka. Nasi tuione.

(e) Kumbukumbu ziwe mahali patatu. Kitabu cha karatasi kibaki. Kompyuta iwe ya pili. Nakala ya tatu iwekwe kwenye flashi na itunzwe nyumba nyingine, si ndani ya mkoba mmoja na kompyuta. Nakala ibadilishwe kila baada ya mkutano. Mwenye nakala haogopi mzaha wa mtu yeyote.

8. KAMA FAILI IMESHAFUTWA

Hata baada ya somo hili, siku moja mtu anaweza kuteleza. Kikundi kijue la kufanya.

Kwanza, mtu huyo aseme. Aseme mapema, na asichekwe. Mkimcheka, wa pili ataficha, na kosa lililofichwa huwa kubwa zaidi.

Pili, msizime kompyuta ikiwa bado inafanya kazi. Fungueni pipa la takataka lililo kwenye kioo cha mashine. Faili ikiwa bado imo humo, inaweza kurudishwa mahali pake kwa kubonyeza mara chache.

Tatu, kama pipa ni tupu, acheni kazi nyingine zote. Msiweke programu mpya wala kunakili vitu ndani, maana vitu vipya vinaweza kuchukua nafasi ya kile kilichofutwa. Iteni fundi. Windows ina njia zake za kukagua faili za mfumo na kurudisha zilizopotea, na fundi mzuri anazijua.

Nne, kama kompyuta haiwaki kabisa, msikate tamaa. Mara nyingi barua na hesabu zenu bado zipo kwenye diski, ijapokuwa mashine haiwezi kuzionyesha. Mwambieni fundi maneno haya kabla hajaanza: "Tolea kumbukumbu zetu kwanza, ndipo uweke Windows upya." Fundi mwenye haraka anaweza kusafisha diski yote ili amalize kazi, na hapo ndipo hesabu hupotea kweli. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa kazi ya miaka mitatu.

Tano, kama ujumbe ule ulikwisha kupelekwa kwa wengine, aliyeupeleka awaandikie wote tena: "Ule ujumbe ulikuwa uongo. Msifute kitu." Ni vigumu, lakini uongo ulipita mlango huo, na ukweli upite hapo hapo.

9. MASWALI YA KUJADILI

Wagawanyike watu watano watano, kisha kila kundi litoe taarifa.

1. Kumbukumbu zipi za kikundi chetu ziko kwenye kompyuta au simu tu, na hazipo kwenye karatasi? Zikipotea leo, nani ataumia zaidi?

2. Taja jambo la kijijini, mbali na kompyuta, ambalo watu waliliamini kwa sababu tu "dalili" waliyoambiwa ilionekana. Nani alifaidika?

3. Katika zile sehemu tano za moyo tulizozitaja, wewe ni rahisi kushikwa na ipi? Kila mtu ajijibie kwa uaminifu.

4. Tukiwa na shaka, tutamwuliza nani? Andikeni jina na namba ya simu ya mtu mmoja au wawili, mzibandike karibu na kompyuta.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi achague ujumbe mmoja wa onyo aliowahi kusambaziwa, wa simu, wa kompyuta, wa ugonjwa au wa chakula. Asiusambaze tena. Aje nao, na aje na majibu ya maswali mawili ya mweka hazina wetu: Umetoka kwa nani? Na kitu tunachoambiwa tukiondoe, kina kazi gani?

Katibu naye aje na flashi.